Kamba ya Siku za Mkamwana Wangu

Niliolewa katika kihamba hiki, yaani shamba la ukoo, nikiwa sijui kusoma, na hadi leo sijui, wala sikuwahi kuona kwamba jambo hilo limenipunguzia chochote isipokuwa mara moja. Mara hiyo ndiyo ninayoisimulia. Anayeandika ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ambaye yuko sekondari, na nimemkataza kuongeza neno lake mwenyewe. Akiongeza nitajua, kwa maana nitamwamuru anisomee yote mbele ya mama yake.

Baada ya mume wangu kufariki nilibaki na mwanangu wa mwisho, ambaye kwa desturi yetu ndiye hurithi nyumba ya wazazi pamoja na migomba na mibuni inayoizunguka. Kazi yake ni kuongoza watalii mlimani. Alioa binti wa Himo, mrefu, mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kuwashtua kuku. Siku ya tatu tangu aingie nyumbani, ng'ombe wangu, ambaye alikuwa amewapiga mateke wasichana wa kazi wanne, alisimama kimya akamruhusu amkamue. Sikumsifu, kwa sababu mkamwana akisifiwa mapema huharibika. Lakini usiku huo nilimwekea kipande kikubwa cha nyama katika mtori wake, na ninaamini alielewa.

Mwaka wa kwanza ulipita bila mimba. Mwaka wa pili ulipoanza vivyo hivyo, niliona kwamba vijana hawa wanaishi ovyo, bila mpango, nikaamua kulichukua jambo hilo mikononi mwangu.

Mimi huhesabu kwa kamba. Ng'ombe anapopandishwa, huchukua ukanda wa gome kavu la mgomba, nikausokota, nikautundika jikoni, na kila asubuhi kabla ya kukamua hufunga kifundo kimoja. Hivyo naijua siku ya ndama kuzaliwa vizuri kuliko bwana mifugo mwenye daftari. Basi nikamsokotea mkamwana wangu kamba yake. Siku za damu niliingiza uzi mwekundu katika vifundo. Siku mwanangu alipoondoka kwenda mlimani nilichomeka kijiti cha mbuni, na siku aliporudi nikachomeka kingine. Ilikuwa kamba safi sana. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kuifuata.

Sasa niseme juu ya elimu niliyoitumia. Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba tumbo la mwanamke ni kama mlango. Damu inapotoka mlango u wazi, na kwa siku chache baada ya damu kukoma unakuwa haujafungwa sawasawa, na hapo ndipo mtoto hupata nafasi ya kuingia. Baadaye mlango hujifunga, na mume anaweza kwenda anakotaka bila hasara. Nilizaa watoto saba kwa elimu hiyo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Nikamwita mwanangu nikamweleza kwamba tangu siku ile atakuwa nyumbani siku saba za mwanzo, uzi mwekundu unapoonekana na baada yake kidogo, kisha ataondoka.

“Lakini, mama, kampuni wananiita kesho.”

“Utakwenda siku ya nane.”

“Ya nane ya nini?”

“Ya kamba.”

Akaitazama ile kamba, akanitazama mimi, akachukua simu yake akatoka nje kuzungumza na wakubwa wake. Nilisikia akiwaambia kwamba kuna tatizo la kifamilia. Tangu hapo alitii. Siku ya nane alishuka mjini kuwapokea wageni, akakaa nao mlimani siku saba, na siku ya kumi na sita alikuwa nyumbani akinuka moshi na soksi. Alipumzika siku mbili, akapanda tena na wengine mpaka siku za damu zilipokaribia. Nilijivunia utaratibu huo. Hata ng'ombe hakuwa na mpango uliokamilika kiasi kile.

Kila mwezi nilimwuliza mkamwana wangu, “Vipi?” Naye alijibu, “Mwezi umekuja, mama.” Nami niliingiza uzi mwekundu mbele yake, ili aone kwamba nahesabu. Nilidhani huo ni uangalifu. Mjukuu wangu amekohoa hapa. Mwacheni akohoe.

Nilifanya kosa jingine. Nilimwambia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kwamba tumbo la yule binti lina kasoro. Kumwambia wifi yangu jambo ni sawa na kulitangaza kanisani kabla ya sadaka. Haikupita wiki mbili akaja na jina la msichana wa kijiji cha juu, mwenye nyonga pana, ambaye eti angemfaa mwanangu. Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, na mkamwana wangu alikuwa nyuma ya banda akimkatia ng'ombe majani.

Jioni ile aliniletea maziwa, akayaweka chini, akabaki amesimama.

“Mama, kahawa ikiisha kuchumwa nitarudi kwetu Himo.”

“Kusalimia?”

“Kukaa.”

“Kwa nini?”

“Nimechoka kuulizwa kila mwezi kama mtu aliyeiba.”

Nilitafuta neno la kumjibu na nililolipata ni kwamba kahawa ya mwaka huu ni nyingi. Akasema, “Nitaimaliza,” akaenda zake. Naye kweli alichuma kwa mikono miwili, kama anayefukuzwa. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilianza kuacha kahawa mbivu juu ya miti kwa makusudi. Alipomaliza mstari nilimwita nikamwambia kuna matawi ameyaruka. Mwanangu, ambaye alikuwa nyumbani siku hizo, aliuliza kama macho yangu yanaanza kuharibika. Nilimwambia macho yake ndiyo mabovu.

Nilipoona miti imebaki michache, nilimwambia mkamwana wangu avae nguo za kanisani, twende mjini Moshi kwa wataalamu wa uzazi, tujue moja. Alikubali, nadhani kwa uchovu tu. Niliiviringisha kamba yangu ndani ya leso. Nilikwenda kama mtu anayekwenda mahakamani na ushahidi wake.

Tulipokelewa na muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitusikiliza. Alimwuliza mkamwana wangu maswali mengi, na kila swali nilijibu mimi, mpaka akaweka kalamu chini.

“Bibi, shikamoo tena.”

“Marahaba. Mbona umeshanisalimu?”

“Nakusalimu ili nikuombe kwa heshima umwache mwenzako ajibu.”

Nilinyamaza. Lakini aliposema kwamba mume naye apimwe, sikuvumilia. “Mwanangu apimwe nini? Mtu anapanda mlima mara mbili kwa mwezi!”

“Kupanda mlima ni miguu, bibi.”

Mkamwana wangu akaangalia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Hapo nikaona wakati wa ushahidi umefika, nikaitandaza kamba juu ya meza. Nilimweleza muuguzi maana ya kila kitu: vifundo, nyuzi, vijiti. Akavaa miwani akainama. Akaipitisha kamba vidoleni polepole, akahesabu, akarudia kuhesabu. Alisema hajawahi kuletewa kumbukumbu zilizotunzwa vizuri kiasi kile, hata na wasomi. Nilimtazama mkamwana wangu ili aone.

“Hii damu huja kila baada ya vifundo ishirini na nane, kama saa,” akasema. “Sasa, bibi, nikueleze kinachotokea humo katikati.”

Nitayasema alivyoyasema, kwa sababu aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali.

Alisema mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande, ndogo kama lozi. Ndani yake mna mayai, na mtoto wa kike huzaliwa akiwa nayo yote. Haongezewi hata moja maishani. Hapo nilimkatiza nikamwuliza kama ni kweli, kwamba nilipokuwa na mimba ya binti yangu, mayai yake tayari yalikuwamo ndani yangu. Akasema ni kweli. Kwa hiyo huyu anayeandika, ambaye jana alinijibu kwa kiburi juu ya vyombo, nusu yake niliibeba kabla mama yake hajaona jua. Aandike hivyo, na aandike kwa mwandiko mzuri.

Kila mwezi, akaendelea, kichwa hutuma ujumbe ndani ya damu, nao huitwa homoni, ukiyaambia mayai machache yaanze kukua, kila moja katika kifuko chake. Kwa kawaida moja huyashinda mengine. Likipevuka, kifuko hupasuka na yai hutoka, na mwishoni mwa mrija wa uzazi kuna vitu kama vidole laini vinavyolikumba na kuliingiza mrijani. Humo ndimo linamongoja mbegu ya mwanamume. Mimba hutungwa humo mrijani. Siyo tumboni kama nilivyodhani. Mbegu huwa mamilioni, nazo zinapaswa kupita shingo ya kizazi, zivuke mji wa mimba, ziingie mrijani, na nyingi mno hufa njiani au hupotea. Zinazofika karibu na yai ni chache, na inayoingia ni moja. Ikiingia, yai hufunga, hakuna nyingine inayopita. Kisha husafiri siku kadhaa hadi kwenye mji wa mimba, likajishikiza katika utando laini uliotandikwa kwa ajili yake. Mimba isipotungwa, utando hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo damu.

“Kwa hiyo damu ni nini, bibi?”

Nilijibu, “Ni tandiko la mgeni ambaye hakuja.”

“Basi umeelewa. Na yai lenyewe, likishatoka, huishi siku moja. Mara nyingi haifiki hata hiyo.”

“Siku moja!”

“Moja. Mbegu zina uvumilivu kidogo, zinaweza kukaa hadi siku tano zikilisubiri. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni chache: hizo tano kabla yake, na siku ya yai lenyewe.”

Nilimwambia kwamba ng'ombe, tofauti na binadamu, huonyesha. Hulia, hupanda wenzake, hutoa ute unaovutika kama uzi. Ukimwona asubuhi, unamwita mtaalamu jioni, na kazi imekwisha.

“Mwanamke naye huonyesha,” muuguzi akasema. “Ute wake hubadilika, unateleza na kuvutika kama ute mweupe wa yai bichi. Ila hamwonyeshi mama mkwe.”

Mkamwana wangu alicheka waziwazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia kwa miezi mingi, na mtu mmoja akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Ndipo muuguzi alipoishika kamba yangu tena. Akaweka kidole juu ya uzi mwekundu, akahesabu vifundo kumi na vinne kurudi nyuma. Alisema miili haifanani na siku huweza kusogea, lakini kwa mwanamke mwenye mwezi wa namna hii yai hutoka hapa au karibu na hapa. Kidole chake kilikuwa katikati ya vijiti viwili vya mbuni.

“Siku hii mumeo alikuwa wapi?”

“Mlimani,” mkamwana wangu akajibu.

“Na mwezi huu?”

“Mlimani.”

“Na huu?”

“Mlimani. Siku ya sita ya safari ndiyo wanafika kileleni.”

Muuguzi akavua miwani. “Yaani yai linashuka, na baba yuko juu kabisa ya Afrika. Aliondoka siku ya nane. Mbegu zake zikijitahidi sana zinafika siku ya kumi na tatu. Yai linatoka siku ya kumi na nne. Linakosana nazo kwa siku moja.”

“Siku moja?” nikauliza.

“Siku moja, bibi. Kila mwezi, karibu miaka miwili. Hata mtu anayezuia mimba kwa makusudi asingeweza kupanga vizuri hivi. Nani aliipanga ratiba hii?”

Mkamwana wangu alikuwa ameacha kucheka. Angeweza kunitaja. Hakunitaja, alitazama sakafu.

“Mimi,” nikasema.

Kisha nikajitetea, kama afanyavyo mtu yeyote. Nilisema elimu hiyo hiyo ilinipa watoto saba.

“Na babu alikuwa anafanya kazi wapi?”

“Shambani.”

“Alikuwa analala wapi?”

“Nyumbani. Angelala wapi? Hakuwahi hata kufika Himo bila kunung'unika.”

“Basi, bibi, hata ungeambiwa mtoto hupatikana siku ya soko, ungepata saba.”

Alituambia kwamba hakuna sababu ya kusema tumbo lina kasoro kabla ya kulipa nafasi. Wajaribu miezi kadhaa mume akiwapo katika siku zile, kisha kama hakuna kitu, waje wote wawili wapimwe. Nikaikunja kamba yangu ndani ya leso. Ilikuwa imekuwa nzito.

Tulirudi nyumbani. Nilitegemea anitukane, au alie. Alibadilisha nguo tu, akakamua, akachuja maziwa, kisha akaingia chumbani, na kupitia mlango nilimwona akikunja vitenge vyake kimoja kimoja na kuvipanga katika begi. Mwanangu alikuwa ameondoka juzi yake kwenda mlimani, kwa utaratibu ninaoujua mwenyewe, na simu yake haikupatikana.

Asubuhi, kabla umande haujakauka, nilikwenda kwenye uzio nikakata jani la sale. Kwetu sisi Wachagga mtu akikujia na jani hilo limefungwa fundo, amekuja kuomba radhi, na huwezi kumfukuza, hata kama amekuulia mtu. Nimeishi miaka mingi na nimeyapokea majani hayo kwa wengi. Kumpelekea mtu sikuwahi, na kwa mkamwana sikusikia hata kwa wazee kwamba iliwahi kutendeka. Nililifunga fundo nikalifungua mara mbili, mimi niliyefunga vifundo vya miaka miwili bila kukosea.

Alifungua mlango na begi likiwa begani. Akaliona jani.

“Mama, unajua kabisa kwamba hilo siwezi kulikataa.”

“Ndiyo maana nimelileta.”

“Hiyo sasa si kuomba. Ni kunikamata.”

“Nikukamate na nini kingine? Kahawa imeisha.”

Akaelekeza kidevu upande wa chini wa shamba. “Kahawa haijaisha. Kule chini umeacha miti mitatu imejaa. Ulifikiri sikuona?”

Nikamnyooshea jani langu. Nilimwambia kwamba nimemkosea, kwamba kasoro haikuwa tumboni mwake, ilikuwa jikoni kwangu, imetundikwa ukutani. Alilipokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akatua begi chini, kisha akatoa masharti, na alikuwa nayo tayari. La kwanza, kamba nimpe. La pili, siku zake ni zake, nisimwulize tena maisha yangu yote. La tatu, niende kwa wifi yangu siku ileile, nimweleze yote niliyoelezwa, kwa mdomo uleule niliotumia kumwambia habari ya kasoro.

Kamba nilimpa. Aliitumia kufungia lango la ndama. Sharti la pili nilimeza. La tatu lilinipeleka kwa wifi yangu, ambaye alikuwa amekaa akimenya ndizi za kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, na hakuacha kumenya.

“Yai?” akasema. “Kama la kuku?”

“Dogo kama nukta. Kwa macho yetu haya hatungeliona.”

“Na wewe umelionaje?”

“Sikuliona. Nimeelezwa.”

“Likitoka linaishi siku moja tu?”

“Siku moja.”

“Halisubiri kidogo, hata likiambiwa mtu yuko njiani?”

“Halisubiri.”

“Kumbe lina tabia zako.”

Nilivumilia. Nilimweleza mirija, vidole laini, mamilioni yanayopotea njiani, na aliposikia hilo la mwisho alisema amewajua wanaume wa ukoo huu tangu utoto na haoni ajabu. Kisha nikafika kwenye ile siku ya kumi na nne na kilele, nikamwambia ni nani aliyempeleka mtoto wa kaka yake huko. Kisu kikasimama.

“Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Wewe?”

“Unataka niseme mara ngapi?”

Alicheka mpaka akalaza ndizi chini. Nilingoja amalize, nikamwambia kwamba yule msichana wa kijiji cha juu atafutiwe mtu mwingine, na kwamba kama alivyoitangaza kasoro, aitangaze na hii. Hilo halikuhitaji kusisitizwa. Hadi Jumapili hapakuwa na mwanamke katika usharika wetu asiyejua, na mmoja aliyekaa nyuma yangu kanisani aliniuliza kwa heshima kama ninaweza kumpangia siku za kupanda maharage.

Mwanangu aliporudi, mkewe ndiye aliyezungumza naye, si mimi. Sikujua walichoamua. Niliona tu kwamba mwezi uliofuata alikataa wageni katikati ya mwezi, akakaa akitengeneza paa la banda ambalo halikuwa linavuja. Na mwezi mwingine tena. Nami sikuuliza. Watu wanaodhani kufunga chakula ni kugumu hawajajaribu hili.

Katika mwezi wa nne mkamwana wangu alitoka bandani asubuhi ameshika pua, akasema harufu ya maziwa inamchefua, akaniomba nikamue mimi. Nilikamua. Kesho yake vilevile. Nilikaa hivyo siku kumi na moja, na ng'ombe ndiye peke yake aliyesikia maoni yangu. Siku ya kumi na mbili alikwenda mjini peke yake. Aliporudi alinikuta nikimkatia ng'ombe mgomba, akasimama kando.

“Mama, huna neno la kuniuliza?”

“Ninayo mengi. Nimeyazuia.”

“Tangu lini?”

“Tangu maziwa yalipokushinda.”

“Basi unajua.”

“Sijui kitu. Niliahidi kutojua.”

Akanichukulia panga mkononi, akalichomeka kwenye shina. “Basi nakuruhusu ujue.”

Mjukuu wangu anauliza kama aandike kwamba nililia. Asiandike. Aandike kwamba nilimwambia mkamwana wangu akae chini, nikaenda jikoni kuinjika mtori. Mwanangu alikuwa mlimani na simu yake haikupatikana, kwa hiyo nilijua kabla yake, na nikaibeba habari hiyo siku nne bila kumwambia wifi yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo huu.